Mwongozo kamili: jinsi ya kutibu jeraha dogo la mbwa na maumivu yake nyumbani bila kumdhuru

Mbwa kakanyaga chupa ufukweni Jambiani, au kachanwa na waya wa uzio Fuoni, au karudi msituni na wasasi ngozi ya bega imechubuka. Mwenyewe anakimbilia spiriti, anammiminia, mbwa anapiga ukelele na kutoroka. Jioni anampa Panadol mbili ndani ya kipande cha mkate. Siku ya tatu kidonda kinanuka, kimeingia funza, na mbwa hataki kula.

Makosa yanayofikisha huko ni mawili na hujirudia kila pahala: kidonda kinaunguzwa badala ya kuoshwa, na maumivu yanatibiwa kwa dawa ya watu. Ukiyaepuka hayo mawili, jeraha dogo la mbwa mara nyingi hupona bila ya makuu.

## Vifaa, viwe mkononi kabla hujamshika mbwa

Ukianza kutafuta mkasi huku mbwa ameshikwa, hutamshika mara ya pili. Weka kila kitu tayari kwanza.

- Glavu za mpira, jozi mbili au tatu.
- Maji ya chumvi. Chemsha maji, pima nusu lita, tia chumvi kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, koroga, acha yapoe. Tengeneza lita moja au zaidi, na yatumike siku hiyo hiyo.
- Bomba la sindano la mililita 20, bila sindano yake. Ukikosa, toboa kifuniko cha chupa ya maji ya kunywa kwa msumari mwembamba.
- Shashi, bandeji na plasta ya kubandika. Pamba iache, nyuzi zake hunasa ndani ya kidonda.
- Povidoni ayodini ya asilimia 10, ile dawa ya maji ya kahawia. Ile yenye povu, ya kusugulia ngozi, haifai ndani ya kidonda.
- Mkasi wenye ncha butu, kibano na tochi.
- Kitambaa kirefu laini, kwa mfano kipande cha kanga kuukuu, cha kumfunga mdomo.
- Kipima joto cha dijitali kitakachobaki kuwa cha mbwa tu.
- Beseni au ndoo yake mwenyewe, na nguo yako kuukuu ya kazi hiyo.
- Dumu tupu la plastiki. Matumizi yake utayaona kwenye hatua ya 7.

Glavu na beseni la pembeni vina sababu nyingine kwetu. Wengi wetu Unguja na Pemba tunafuata madhehebu ya Shafii, na chombo kikiguswa na majimaji ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Wapo wanaoacha mnyama aoze kwa kuogopa kazi ya kutwaharisha nyumba nzima. Fanyia kazi uani, vaa glavu, tumia beseni lake, na kazi hiyo itabaki kuwa ndogo.

## Hakikisha kwanza kwamba jeraha ni dogo

Jeraha la kutibu nyumbani ni mchubuko, au mkato mfupi wa sentimita 2 hivi, usio na kina, damu imekoma, mbwa anatembea na kula, na fizi zake zina rangi ya waridi.

Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo ukiona moja kati ya haya:

- damu inaruka, au haijakoma baada ya kuibana dakika 10;
- jeraha lipo kwenye jicho, maungio ya mifupa, kifua au tumbo, hata kama tundu ni dogo;
- kingo za ngozi zimeachana, au unaona nyama, kano au mfupa;
- amegongwa na gari au vespa, hata kama ameinuka mwenyewe na kutembea;
- fizi zimekuwa nyeupe, au anahema kwa taabu;
- kuna kitu kimechomeka kwa kina. Usikichomoe, maana huenda ndicho kinachozuia damu.

Kama jeraha linahitaji kushonwa, usingoje kesho. Daktari hulishona vizuri zaidi ndani ya saa 6 hadi 8 za mwanzo. Baada ya hapo wadudu wa maradhi wameshazaliana ndani, na kulifunga ni kuwafungia humo.

Kuna jeraha moja linalowadanganya wengi: la kung'atwa. Jino la mbwa mwenzake au la nguruwe mwitu huingia, huchana nyama chini, kisha ngozi hurudi na kuziba. Juu unaona tundu dogo la kitone cha damu, na chini pana mfuko uliojaa uchafu. Baada ya siku mbili tatu hufura na kutunga usaha. Tundu la jino lioshe kama nitakavyoeleza, usilizibe kwa chochote, na umpeleke kwa daktari hata kama mbwa anachezacheza. Mara nyingi atahitaji dawa ya kuua vijidudu, na hiyo huandikwa kwa uzito wake.

Na kung'atwa ni suala la kichaa cha mbwa. Pemba kampeni za chanjo ziliwahi kuuondoa ugonjwa huo, ukarudi 2016 kupitia mbwa waliosafirishwa na watu kuingia kisiwani. Kwa hiyo mbwa wako aking'atwa na mbwa usiyemjua, usimshike kwa mikono mitupu, mfunge pahala peke yake, na uarifu ofisi ya mifugo ya wilaya yako hata kama alishachanjwa. Wewe au mtoto mking'atwa, au mate yakiingia kwenye mchubuko, osheni kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mwende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Usisubiri kuona kama mbwa atabadilika.

## Hatua ya 1: Mtulize, kisha mfunge mdomo

Mbwa mpole akiumizwa anauma. Hana ubaya, ndivyo maumivu yanavyomfanya. Mtu anayemzoea ndiye akae kichwani na azungumze naye, na mwengine afanye kazi. Watoto wakae mbali.

Tengeneza kitanzi kwa kitambaa, kivishe juu ya pua, kaza kiasi, pitisha ncha mbili chini ya taya zipishane, kisha zifunge nyuma ya masikio kwa fundo linalofunguka kwa kuvuta mara moja.

Usimfunge mdomo mbwa anayetapika, anayehema kwa shida, au mwenye pua fupi. Na usimwache amefungwa muda mrefu: mbwa hupoa kwa kuhema mdomo wazi, na kwa joto letu dakika chache zinatosha. Kazi ikirefuka, mfungue, mpe maji, kisha uendelee.

## Hatua ya 2: Zuia damu

Weka shashi au kitambaa safi juu ya jeraha, ubane kwa kiganja dakika 5 hadi 10 mfululizo. Usifunue kuchungulia. Kila ukifunua unang'oa damu iliyoanza kuganda na unaanza upya. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake.

Majivu, buni iliyosagwa, dawa ya meno na utando wa buibui vyote visiguse kidonda. Damu inaweza kusita kweli, ila umeingiza uchafu ambao wewe mwenyewe utapaswa kuuosha kwenye hatua ya 4.

Imefaulu ukiachia taratibu na damu haichirizi tena.

## Hatua ya 3: Punguza manyoya

Manyoya yakiingia kidondani hayatoki kirahisi, na hushika unyevu. Funika kidonda kwa shashi iliyolowa maji ya chumvi, kata manyoya ya pembezoni upana wa vidole viwili, kisha ondoa shashi pamoja na yaliyoangukia juu yake.

## Hatua ya 4: Osha, halafu osha tena

Hapa ndipo tiba ilipo. Ukikosa dawa zote na ukawa na maji safi mengi, bado umefanya sehemu kubwa ya kazi.

Jaza bomba, liweke sentimita chache kutoka kwenye kidonda, sukuma kwa nguvu ya wastani ili maji yapite juu ya jeraha na kumwagika nje. Maji yabebe mchanga, vipande vya chupa na damu iliyoganda. Usisugue. Rudia mpaka maji yanayotoka yawe meupe kabisa, kisha ongeza mabomba mengine matano sita. Kwa mkato mdogo tarajia kutumia nusu lita au zaidi. Ukitumia kikombe kimoja tu, hujaosha.

Angalia kwa tochi. Kwa mbwa wa pwani tafuta mchanga na vijipande vya matumbawe, ambavyo hukaa kwenye mikunjo baina ya vidole na kwenye wayo. Kinachoonekana na kilicho juu juu kitoe kwa kibano. Kilichozama kiachie daktari.

Huna maji ya chumvi? Maji ya bomba yanafaa kabisa kwa uoshaji wa kwanza. Ya kisima yachemshe.

Sasa kuhusu bahari, kwa sababu najua wengi hummwagia mbwa maji ya bahari, au humwingiza ndani kabisa, wakiamini chumvi inaponya. Maji ya bahari yana chumvi ya gramu 35 hivi kwa lita. Maji ya chumvi yanayolingana na mwili yana gramu 9. Hayo ya bahari yanavuta maji kutoka kwenye nyama mbichi, yanawasha, na yana vijidudu vyake. Mbwa mwenye kidonda asiende ufukweni mpaka kifunge.

Vitu vingine visiingie humo: spiriti, Dettol isiyochanganywa, peroksaidi, mafuta ya taa, oili chafu ya gari, manjano. Vinaua vijidudu baadhi, ni kweli, na vinaua pia nyama changa inayotaka kuziba jeraha. Mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu) nayo, ambayo Pemba hayakosekani nyumbani kwa ajili ya jino, yanaunguza kidonda kibichi, na mbwa akiyalamba yanaingia mwilini. Yaacheni kwa meno yenu.

Utajua umemaliza ukiona nyama safi yenye rangi ya waridi au nyekundu, kingo zake zikionekana vizuri, na hakuna chembe inayong'aa chini ya tochi.

## Hatua ya 5: Ayodini, iwe nyepesi

Tia kijiko kimoja cha chai cha povidoni ayodini kwenye nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Rangi iwe ya chai ya rangi iliyotiwa majani kidogo. Ikiwa nzito kama kahawa, umezidisha, na dawa kali haiponyeshi upesi zaidi.

Mimina juu ya kidonda, subiri dakika mbili, kausha ngozi ya pembezoni kwa shashi. Inatosha. Mafuta mazito ya mgando usiyapake. Yananasa vumbi na kumpa mbwa kitu cha kulamba. Ile dawa ya buluu ya kupuliza, inayouzwa madukani kwa ajili ya ng'ombe na mbuzi, inaweza kupulizwa kwenye mchubuko wa juu juu kama mbwa atazuiwa asiulambe. Kwenye tundu lenye kina haifai, kwani inapaka rangi juu na kuficha yanayotokea chini.

## Hatua ya 6: Ufunge au uache wazi?

Michubuko ya mwilini iache wazi ikauke. Kwa unyevu wetu, hasa wakati wa masika, bandeji ya siku tatu huwa kitanda cha vijidudu.

Funga mguu na wayo tu, kwa sababu vinakanyaga. Weka shashi, zungusha bandeji kuanzia vidoleni kwenda juu, ukiacha kucha mbili za katikati zionekane. Usikaze: kidole chako kiweze kupita chini ya bandeji. Plasta iguse bandeji, isizunguke ngozi tupu.

Kila baada ya saa chache angalia kucha hizo mbili. Zikianza kutanuka na kuachana, au vidole vikiwa baridi au vimevimba, fungua hapo hapo. Bandeji iliyokaza inaweza kumkatisha mbwa mguu ambao jeraha lenyewe lisingeugusa.

Badilisha kila siku, na kila inapolowa. Akitoka kwenda haja, mvishe mfuko wa plastiki mguuni, umvue akirudi.

## Hatua ya 7: Zuia ulimi, zuia nzi

Ati mate ya mbwa ni dawa. Ulimi wake unakwangua kidonda, unaondoa ngozi changa kila ilipoota, na mdomo umejaa vijidudu. Kidonda kingi kisichopona ni kidonda kinacholambwa.

Ndipo dumu linapoingia. Kata kitako, kata na sehemu ya shingo mpaka tundu lipite kichwa chake, toboa matundu manne, lifunge kwenye ukanda wa shingo kwa kamba. Kingo zote za plastiki zizibe kwa plasta zisimkate. Kola hiyo izidi ncha ya pua kwa vidole viwili. Ikiwa fupi ataufikia tu mguu wake. Atagonga milango siku ya kwanza na kukuangalia kwa lawama, kesho yake atazoea. Hakikisha anaweza kunywa maji akiwa nayo.

Nzi ni hatari ya pili, nao hawachelewi. Mayai yaliyotagwa kidondani asubuhi yanaweza kuwa funza kabla ya kesho yake. Mlaze ndani au kwenye banda lenye chandarua, osha mkojo na kinyesi upesi, na kikague kidonda asubuhi na jioni, pamoja na kunusa.

Ukiwaona funza wachache juu juu, wasukume kwa maji ya chumvi mengi na uwatoe kwa kibano mmoja mmoja, kisha umpeleke kwa daktari, kwa sababu waliojificha ndani ni wengi kuliko unaowaona. Usimmiminie petroli, dawa ya mbu wala dawa ya kuogeshea ng'ombe kupe. Kidonda kinafyonza, na sumu iliyokusudiwa funza itamfikia mbwa.

## Hatua ya 8: Maumivu

Mbwa halii ovyo. Maumivu yake yasome kwa mambo mengine: anahema hali amelala kivulini, anatetemeka, anajificha chini ya kitanda au nyuma ya pipa, amelaza masikio, hataki chakula alichokuwa akikipigania, anakuguna ukimsogelea upande mmoja.

Kidonge kisiwe cha kwanza. Funga barafu ndani ya kitambaa, uweke kando ya jeraha lililovimba kwa dakika 10, mara tatu au nne kwa siku, siku mbili za mwanzo. Isiguse ngozi moja kwa moja. Mlaze juu ya gunia au jamvi kivulini. Mtembeze kwa kamba fupi kwa haja tu, bila kukimbia na bila ngazi. Kwa jeraha dogo, hayo na uoshaji mzuri mara nyingi yanatosha. Kidonda kilichojaa mchanga ndicho kinachouma usiku kucha.

Dawa za maumivu za watu usimpe, hata nusu, hata robo.

Hesabu yenyewe inatisha. Kidonge kimoja cha Brufen cha miligramu 400 kwa mbwa wa kilo 15 ni karibu miligramu 27 kwa kila kilo, kiasi kinachotosha kuanza kuchimba vidonda tumboni, na zaidi ya hapo ni figo. Panadol moja ya miligramu 500 kwa mbwa wa kilo 5 ni miligramu 100 kwa kilo, kiwango kinachoweza kuharibu ini na damu yake. Diklofenaki na aspirini zimo kwenye kundi hilo hilo la hatari. Wapo madaktari wanaotumia baadhi ya dawa hizi kwa mbwa kwa kipimo walichokihesabu. Hiyo ni kazi yao. Na paka asipewe Panadol kabisa, kidonge kimoja kinaweza kumuua.

Kama ulishampa, angalia kutapika, kinyesi cheusi kama lami, uso au miguu kuvimba, fizi nyeupe, za manjano au za kahawia. Hata kabla ya dalili, mpigie daktari na umsomee jina na miligramu kwenye pakiti. Usimtapishe kwa chumvi, nayo ni sumu nyingine.

Zipo dawa za mbwa, mfano meloksikamu na kaprofeni. Daktari atampima uzito kwanza. Mpe baada ya chakula, maji yawepo muda wote, na uache dawa na kumpigia daktari akitapika, akiharisha au akikataa kula. Mwambie daktari kama karibuni alichomwa sindano ya deksamethasone, dawa ya jamii ya steroidi. Ikikutana na meloksikamu au kaprofeni tumbo huweza kutoboka.

Neno moja kuhusu jirani mwenye ng'ombe anayejitolea kumchoma mbwa wako sindano yake. Kuna meloksikamu ya ng'ombe yenye miligramu 20 kwa mililita, na ya mbwa yenye 5. Ujazo ule ule kwenye bomba ni dozi mara nne. Mshukuru, na ukatae.

## Hatua ya 9: Mfuate siku kwa siku

Osha kwa maji ya chumvi mara mbili kwa siku, siku tatu za mwanzo, kisha mara moja.

Siku ya 1 na ya 2 wekundu kidogo, uvimbe mdogo na majimaji mepesi ni kawaida. Kuanzia siku ya 3 hadi ya 5 utaona nyama ya waridi yenye vichembe, na kingo zinaanza kusogeleana. Mkato mdogo huwa umefunga kati ya siku ya 7 na ya 10. Wayo huchukua muda zaidi kwa sababu unakanyaga.

Pima joto akionekana mnyonge: paka kipima joto mafuta ya nazi, kiingize njia ya haja kubwa kiasi cha sentimita 2. Joto la mbwa mzima ni kati ya 38.3 na 39.2, kwa hiyo 38.8 si homa kama ingekuwa kwako. Ikipita 39.5 hali ametulia kivulini, mpigie daktari. Mpigie pia kidonda kikinuka, kikitoa usaha mzito, wekundu ukitambaa, uvimbe ukiongezeka baada ya siku ya 3, au akigoma kula siku nzima.

Unapopiga simu uwe na majibu: umri wake na uzito, alichanjwa lini kichaa cha mbwa, jeraha lilitokea lini na kwa nini, umemtia au kumpa nini, joto lake na rangi ya fizi. Piga picha ya kidonda kila asubuhi, sarafu ikiwa pembeni yake, ili ukubwa uonekane. Kama uko Micheweni na daktari yuko Chake, picha za siku tatu zitamwonyesha kama mbwa asafirishwe leo au aendelee kuoshwa nyumbani.